Klementi wa Aleksandria (2): Beseni la Kutawadhia Miguu

Juma lililopita tulimfuata Klementi akizunguka Ugiriki, Italia, Shamu na Palestina akisaka mwalimu, hata akamkuta Pantaenus huko Misri na moyo wake ukatulia. Leo tuingie naye majumbani mwa Wakristo wa Aleksandria, mwishoni mwa karne ya 2.

Mlango wetu ni kitabu chake kiitwacho Paidagogos. Ukilitafsiri jina hilo kuwa "mwalimu", utamu wake umepotea. Paidagogos alikuwa mtumwa aliyemshika mtoto mkono kwenda shule na kurudi, akiangalia anavyotembea, anavyokaa, anavyokula. Masomo yalikuwa ya mwingine. Yeye alipewa mwenendo. Kwa Klementi, mlezi huyo ni Kristo. Ndiyo maana mwanachuoni aliyezama katika Plato hakuona aibu kuandika juu ya godoro, viatu na kupiga chafya mezani. Hata kicheko amekigusa. Farasi ameumbwa alie, asema, lakini halii mchana kutwa. Na mtu acheke, ila kwa kiasi.

Palipomkera hasa ni kwenye vyombo. Aleksandria ilikuwa bandari ya utajiri, na wenye nazo walinywea fedha na kulalia pembe za ndovu. Klementi anawauliza: taa ya mfinyanzi na taa ya sonara, ipi yenye mwanga zaidi? Usingizi huongezeka kwa thamani ya kitanda? Kisha anawakumbusha kwamba Yesu alipowatawadha wanafunzi miguu hakuteremsha beseni la fedha kutoka mbinguni. Alitumia lililokuwapo. Kipimo cha kitu, basi, ni kazi yake.

Kipimo hichohicho anakipeleka kwenye mali, katika hotuba yake juu ya yule tajiri wa Marko 10, aliyeambiwa na Yesu auze vyote alivyo navyo. Mali ni chombo. Ikitumiwa vyema hufaa, ikitumiwa vibaya hudhuru, na yenyewe haina kosa. Kama wote wangetupa walicho nacho, nani angemlisha mwenye njaa? Kinachopaswa kutupwa kwanza ni ule uchu ulioganda moyoni. Wako wanaosema kwamba hapo amewapunguzia matajiri makali ya Injili. Mimi naona amewabana zaidi, kwani mtu aweza kugawa shamba zima siku moja na bado akalala akiliwaza, ilhali huo uchu hauna siku ya kuumaliza.

Tena hakuwa mtu wa kukataza tu. Pete aliiruhusu, maana watu wa wakati ule walitumia pete kutia muhuri vitu vya nyumbani visiibiwe. Alichojali ni kilichochorwa juu yake. Akapendekeza njiwa, samaki, merikebu, kinubi au nanga. Upanga na upinde akavikataa: muhuri wa namna hiyo, alisema, hauwafai watu wanaoifuata amani.