Nukta Mbili Ndani ya Jina la Jeni

Ulaya na Marekani, mgonjwa wa VVU hapewi abakaviri kabla hajapimwa kama ana aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01. Akiwa nayo, dawa hiyo yaweza kumletea homa, vipele na kutapika. Akiiacha kisha akairudia, yaweza kumuua. Mwenye B*57:03, iliyozoeleka zaidi kwa Waafrika, haingii katika katazo hilo. Protini za aina hizi zinapishana kwa asidi amino mbili tu: ya 114 na ya 116.

Jeni za HLA zimekaa kwenye kromosomu ya 6. Ndizo zinazoiwezesha kinga ya mwili kutambua kilicho chake na kilicho kigeni, na ndizo zinazolinganishwa kabla ya kupandikiza figo au uboho. Herufi B inataja jeni yenyewe. Kinyota kinaarifu kwamba aina hiyo imejulikana kwa kusoma DNA. Halafu fungu la kwanza, 57, ni ukoo, na la pili, 01, ni protini mahususi ndani ya ukoo huo. Fungu la tatu na la nne, yakiwepo, yanahusu tofauti za DNA ambazo haziigusi protini.

Herufi ya mwisho, ikiwepo, ndiyo ya kuogopwa. N katika A*24:09N maana yake jeni ipo, ila protini yake haionekani kwenye seli. Mpimaji akiiruka, atahesabu ulinganifu usiokuwepo.

Kamati ya WHO inayotoa majina haya ilianza mwaka 1968, miaka kumi baada ya Mfaransa Jean Dausset kueleza antijeni aliyoiita Mac, leo A2. Zamani tarakimu ziliandikwa zimeshikana, mfano A*0201, hivyo kila ukoo ulikuwa na nafasi 99 tu za protini. A*02 ikajaa; ziada ikapelekwa A*92. Ya B*15 ikaenda B*95. Ulikuwa utaratibu wa viraka, kwa maoni yangu: nani angejua kwamba 92 ni ndugu wa 02? Aprili 2010 zikaingizwa nukta mbili, na A*9201 ikawa A*02:101. Sasa majina yamepita 40,000.

Ukikuta B*5701 kwenye faili la zamani, ni ileile B*57:01. Ukikuta B*57 peke yake, kipimo kirudiwe kabla ya kuandika abakaviri.