Uamuzi Bora Penye Kubahatisha

Mchezaji wa bao la Kiswahili huziona kete zote 64 katika mashimo 32; akishindwa, sababu imo katika kufikiri kwake. Mchezaji wa karata yuko katika hali nyingine. Sehemu ya habari amefichwa, naye hulazimika kuamua kabla ya kuijua. Mkulima wa ufuta wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, anayepanda pasipo kujua mvua itakavyokuwa, amefanana zaidi na mcheza karata kuliko mcheza bao. Kwa hiyo hesabu iliyozaliwa katika michezo ya kubahatisha inamhusu yeye pia.

Mwaka 1654 wanahisabati wawili wa Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua juu ya namna ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa kabla ya kumalizika. Mwaka 1657 Christiaan Huygens wa Uholanzi alichapisha kitabu juu ya hesabu hiyo. Kiini chake ni thamani ya matarajio: kila tokeo huzidishwa kwa uwezekano wake, kisha majibu yote hujumlishwa.

Tuchukue mfano wa poka, mchezo ambao siku hizi huchezwa hata kwa intaneti. Katika aina yake mashuhuri, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano hufunuliwa mezani kwa hatua. Tuseme nne zimekwisha kufunuliwa, na kati ya karata sita anazoziona mchezaji, nne ni kopa. Akipata kopa ya tano atashinda, asipoipata atashindwa. Karata asizoziona ni 46, na 9 kati yake ni kopa. Uwezekano wa kushinda ni 9/46, yaani karibu asilimia 20.

Mezani pana shilingi 8,000, naye anatakiwa kulipa shilingi 1,000 ili aendelee. Matarajio yake ni:

(9/46 × 8,000) − (37/46 × 1,000) = 761

Hiyo ni faida ya wastani, hivyo inafaa kuendelea. Lakini akitakiwa kulipa shilingi 4,000, matarajio huwa hasara ya shilingi 1,652, na busara ni kuziweka karata chini. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni gharama.

Hapa pana fundisho la kwanza: uamuzi usipimwe kwa tokeo moja. Hata yule aliyelipa shilingi 1,000 kwa haki atashindwa mara 37 katika kila 46, kwa wastani. Kadhalika, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilileta mvua kubwa iliyoikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, Kilwa. Mkulima aliyeharibikiwa na mvua hiyo hakuwa lazima ameamua vibaya. Swali la haki ni hili: je, aliyatumia vema aliyoyajua siku ile?

Fundisho la pili ni juu ya mtaji. Aliyepoteza nusu ya fedha zake hana budi kuiongeza maradufu iliyobaki ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza zote hawezi kuingojea faida ya wastani. Ndiyo maana mkulima anayepanda mbegu zake kwa awamu mbili au tatu hujikinga: huenda asipate mavuno makubwa kupita yote, lakini ni vigumu akose yote.

Fundisho la tatu ni onyo. Katika poka ya fedha mwenye mchezo hukata ada, hivyo wachezaji wote kwa jumla hutoka na fedha pungufu ya walizoingia nazo. Tena mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji mabingwa. Sheria ya Tanzania huwakataza vijana walio chini ya miaka 18 kucheza kamari, na hesabu yenyewe inaonyesha sababu ya kuiogopa.

Walimu wanaweza kulifundisha jambo hili bila senti moja. Tia mfukoni vipande 46 vya karatasi vilivyo sawa, 9 vikiwa na alama. Kila mwanafunzi achomoe kimoja, aandike tokeo, akirudishe. Baada ya mara kumi matokeo yatayumba. Baada ya mara mia tano yataikaribia asilimia 20. Hapo mwanafunzi ataona kwa nini bahati hutawala siku moja, na uamuzi bora hutawala miaka.