Kiangazi: Tunywe Maji, Tusibane Mkojo

Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hukatika hapa Kiruruma na kwingineko Karagwe na Kyerwa. Maji ya karibu hupungua. Akina mama na watoto hufuata maji mbali. Miezi hiyo ndiyo ya kuchuma kahawa. Watu hushinda juani.

Kwa sababu maji ni ya taabu, mama huyagawa kwa uangalifu. Kwanza hupikia. Kisha huwapa watoto. Yeye mwenyewe hunywa kikombe kimoja tu kutwa nzima. Akiwa shambani hubana mkojo mpaka jioni. Ugonjwa wa njia ya mkojo hupata nafasi hapo.

UGONJWA HUU HULETWA NA NINI?

Mara nyingi huletwa na vijidudu vinavyotoka na choo kikubwa. Vikiingia kwenye njia ya mkojo hupanda mpaka kwenye kibofu. Tukikojoa mara kwa mara, mkojo huvisukuma nje. Mkojo ukikaa sana, huzaliana.

Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kama sentimita 4. Ya mwanamume ni kama sentimita 20. Ndiyo maana wanawake huugua zaidi. Kwa hiyo mume asimshuku mkewe. Ugonjwa huu si alama ya uasherati.

DALILI ZAKE

Mgonjwa huenda kukojoa kila mara, lakini mkojo hutoka kidogo na huchoma. Huumwa chini ya kitovu. Pengine mkojo huwa na damu. Akipata homa, akitapika na kuumwa ubavuni, huenda ugonjwa umefika kwenye figo. Apelekwe hospitali haraka. Mama mjamzito akiona dalili yoyote asingoje. Ugonjwa huu unaweza kumletea uchungu kabla ya wakati.

TUJIKINGE

1. Chukua maji yaliyochemshwa unapokwenda shambani. Kunywa mara kwa mara. Mkojo wa njano iliyokolea ni dalili kwamba mwili unataka maji. Rubisi si badala ya maji.
2. Usibane mkojo.
3. Ukitoka chooni, jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma. Wafundishe mabinti.
4. Mwanamke akojoe baada ya tendo la ndoa.
5. Usioshe ukeni kwa sabuni. Maji safi kwa nje yanatosha.

UKIUGUA

Nenda zahanati ukapimwe. Homa inaweza kuwa ya malaria, na dawa zake ni tofauti. Usimeze vidonge vilivyobaki vya jirani. Ukipewa dawa, imalize yote hata kama umepata nafuu.

Akina baba, nasi tusaidie. Mwenye baiskeli abebe madumu ya maji. Mama anayeleta maji nyumbani naye anywe ya kutosha.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini kubana mkojo ni hatari?
2. Katika nyumba yako, nani hunywa maji kidogo kuliko wote? Kwa nini?