Mifungo ya Wayahudi (2): Tarehe 9 ya Mwezi wa Av

Wiki iliyopita tuliuzungumzia mfungo wa 17 Tamuzi, unaokumbusha ukuta wa Yerusalemu ulipobomolewa. Wiki tatu baadaye, Julai au Agosti, huja siku nzito zaidi. Tarehe 9 Av Wayahudi huyalilia mahekalu mawili: la Sulemani, lililochomwa na Wababeli mwaka 586 KK, na la pili, lililochomwa na majeshi ya Kirumi yaliyoongozwa na Tito mwaka 70.

Mfungo huanza jua likichwa, ukaisha usiku wa kesho yake. Takriban saa 25 bila chakula wala maji. Kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi na tendo la ndoa, yote ni marufuku. Salamu hazitolewi. Hata Torati huwekwa kando, maana kuisoma ni furaha; husomwa Ayubu, na sehemu za Yeremia zinazoeleza maangamizi. Usiku, sinagogi ikiwa na mwanga hafifu, watu huketi sakafuni kama wafiwa, na kitabu cha Maombolezo hughaniwa kwa sauti ya huzuni.

Sasa tarehe yenyewe. Ukifungua Biblia, Wafalme wa Pili sura ya 25, utakuta tarehe 7. Yeremia 52 inataja 10. Hiyo 9 imetoka wapi? Talmudi inaeleza kwamba adui aliingia Hekaluni tarehe 7, akalitia moto jioni ya tarehe 9, likaungua kutwa nzima tarehe 10. Rabi Yohanan alisema lau angekuwapo zama zile, angeiweka siku ya maombolezo tarehe 10, kwani ndipo sehemu kubwa ilipoteketea. Wenziwe wakashikilia kuwa mwanzo wa msiba ndio mzito. Nawaunga mkono: aliyeuona moshi wa kwanza juu ya paa lake keshajua anachopoteza.

Linalonigusa zaidi hutokea baada ya adhuhuri. Kwa kuwa moto uliwashwa jioni, ungetazamia majonzi yazidi saa hizo. Kumbe ndipo watu wanapoinuka sakafuni na kukaa vitini, na katika jamii nyingi shali ya sala iliyoachwa asubuhi huvaliwa sasa. Marabi walifundisha kwamba Mungu aliimwaga hasira yake juu ya miti na mawe ya Hekalu, akawaachia watu uhai.

Wiki ijayo tutaeleza mfungo wa Gedalia, liwali aliyewekwa na Wababeli juu ya mabaki ya Yuda, akauawa na Myahudi mwenzake.