Hasara ya simu hugawanywa

Mtu wa mtaa wa Buyenzi, Burundi, akipiga simu mji wa Uvira huku amepakiwa kwenye pikipiki, mawimbi hayamfikii sawasawa. Akipita nyuma ya ghorofa au lori, mtandao hukatika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hurudi. Aliye ng'ambo, mara nyingi, hasikii pengo lolote. Kinachomwokoa ni upishanishaji.

Katika simu za GSM, sauti hukatwa kila milisekunde 20. Kipande kimoja kina biti 260. Huongezewa biti za kusahihishia makosa hadi zifike 456. Ujanja unaanzia hapo, kwani biti hizo hazitumwi kwa mfuatano wake. Ya kwanza huwekwa kundi la kwanza, ya pili kundi la pili, ya tisa hurudi la kwanza, hadi yapatikane makundi manane ya biti 57. Kila kundi husafiri kwa mkupuo wake wa redio, likichangia nafasi na kundi la kipande kingine cha sauti. Mkupuo mmoja ukipotea, hakuna kipande kilichokufa: viwili vimepungukiwa sehemu moja ya nane kila kimoja, tena kwa biti zilizotawanyika. Mapengo madogo hayo hesabu ya kusahihisha huyaziba. Pengo refu la mfululizo ndilo linaloishinda.

Kwa hiyo upishanishaji hauzuii hasara hata kidogo, huigawa tu. Santuri za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hustahimili mkwaruzo wa milimita 2.5 kwa njia hiyohiyo.

Burundi ina upishanishaji wa kale zaidi. Katika akazehe, salamu ya kuimba ya wanawake wawili, silabi za mmoja huingia penye nafasi alizoacha mwenzake, kwa kasi ambayo mgeni hushindwa kuzitenganisha. Wala hazihitaji kutenganishwa. Mchanganyiko wenyewe ndio salamu.

Simu, kinyume chake, lazima ipange upya kila biti, na kwa kufanya hivyo husubiri mikupuo yote minane: takriban milisekunde 37. Muda huo ukizidi sana, watu wataanza kukatizana maneno. Runinga ya DVB-T2 inaweza kutawanya data kwa muda mrefu zaidi, maana mtazamaji hajibizani na msoma habari. Ucheleweshaji huo, ukijumlishwa na ule mkubwa zaidi wa kubana picha, huudhi siku ya mpira tu, jirani mwenye redio akishangilia bao usiloliona bado.