KUMBE VITA HUANZA MEZANI: Wanadhimu wanavyochagua njia, na Mto Ruvuma ulivyowaumbua Wareno



Oktoba 2020, wapiganaji kutoka ng'ambo walipovuka Ruvuma na kuvamia kijiji cha Kitaya, kila kijiwe cha huku Mtwara Vijijini kilipata jenerali wake. Wa kwenye benchi la kahawa alikuwa na mpango, na muuza vocha naye alikuwa na wake. Mipango yote ilifanana: "Wavuke tu wakawamalize, wanangoja nini?" Mpaka leo stori ya usalama wa mpakani ikianza, iwe hapa Mahurunga au kule mjini, swali hilo linarudi.

Nimeona nilijibu kwa maandishi. Mimi si mwanajeshi, ni kijana niliyemaliza kidato cha nne na napenda kusoma historia. Humu hamna siri ya mtu, utaratibu huu unafundishwa vyuoni duniani kote. Ila vikosi vyetu viko wapi na vinafanya nini sasa hivi, hiyo siandiki, na wewe usiandike kwenye maoni. Nitaifuta.

WANADHIMU NI AKINA NANI?

Kamanda hapangi vita peke yake. Ana maofisa wanaoitwa wanadhimu. Mmoja anashughulika na watu, mwingine na habari za adui, mwingine na operesheni yenyewe, mwingine na chakula, mafuta, risasi na usafiri. Ndo maana JWTZ kuna Mnadhimu Mkuu, na kule Duluti, Arusha, kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu. Waliouweka utaratibu huu sawasawa ni Waprusi, yaani Wajerumani wa karne ya 19, halafu majeshi mengi yakauiga.

Kazi inakwenda hivi, kwa lugha ya kijiweni:

1. Kuelewa jukumu. Mkubwa anataka nini hasa? Kumfukuza adui, kumkamata, au kumzuia asisogee? Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mpango wake.

2. Kupima hali. Adui ana nini? Ardhi ikoje? Sisi tuna nini? Tuna siku ngapi? Raia wako wapi?

3. Kutengeneza njia. Hapa ndo vijiwe vyetu vinapofeli. Mnadhimu haruhusiwi kuja na njia moja. Analeta mbili, tatu au zaidi, na ziwe tofauti kweli, si ile ile iliyopakwa rangi nyingine.

4. Kuzijaribu. Ofisa mmoja anacheza upande wa adui, na kazi yake ni kuharibu mpango wa wenzake. Mcheza bao anaelewa hili: kabla hujashika kete, unahesabu mwenzako atakula wapi.

5. Kulinganisha. Kila njia inaulizwa maswali matatu. Je, inatimiza jukumu? Je, inawezekana kwa watu, chakula na muda tulio nao? Je, gharama yake inabebeka? Wanadhimu wanashauri, kamanda anachagua, na lawama ni zake.

6. Kuandika amri: nani, afanye nini, wapi, lini, na kwa nini. Hiyo "kwa nini" ni muhimu sana. Mambo yakienda kombo, ofisa mdogo aliye mbele ajue mkubwa alitaka nini, abuni mwenyewe.

Kwa hiyo ukiona kimya, inawezekana watu wako kwenye namba tatu au namba nne. Sasa tuone nini hutokea hatua hizo zikirukwa. Hatuendi mbali, tunabaki kwenye mto wetu.

MEI 1916: KUVUKA MLANGO WA MTO

Ujerumani iliitangazia Ureno vita Machi 1916. Wakati ule upande wetu ulikuwa chini ya Wajerumani na Msumbiji ilikuwa ya Wareno. Aprili 1916 Wareno wakaichukua Kionga, kile kipande cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma ambacho Wajerumani walikinyakua mwaka 1894. Waliichukua bila upinzani. Wakajiona wanaume. Mwezi uliofuata wakataka kuvuka.

Walikuwa na meli ya vita Adamastor na boti ya mizinga Chaimite. Mpango ulikuwa mwepesi: meli zipige ukingo wa pili kwa mizinga, kisha askari wavuke kwa boti.

Wewe wa huku hebu ipime ardhi hiyo kama mnadhimu. Mlango wa Ruvuma una mikoko, matope, mafungu ya mchanga na maji ya kujaa na kupwa. Waulize wanaovuka Kilambo: maji yakipwa, chombo kinasubiri, hata uwe na haraka ya harusi. Meli kubwa haiwezi kuingia ndani sana. Aliyejificha kwenye mikoko anakuona, wewe humwoni. Na boti iliyo katikati ya mto haina pa kujificha.

Sasa mcheze adui. Ungekuwa na askari wachache na bunduki za rashasha, ungefanyaje? Ungenyamaza, ungeacha mizinga imalize kelele, ungesubiri boti zikaribie. Ndicho kilichotokea. Tarehe 27 Mei 1916 boti zilipigwa zikiwa majini, watu wakafa, na waliosalia wakarudi walikotoka.

SEPTEMBA 1916: WAMEVUKA, HALAFU?

Safari ya pili Wareno walijipanga zaidi. Wakaja na jeshi kubwa chini ya Jenerali Ferreira Gil, wakasubiri Septemba, mto umepungua, wakavuka sehemu kadhaa. Wajerumani wengi walikuwa wameondoka kwenda kupambana na Waingereza kaskazini, hivyo upinzani ulikuwa mdogo. Mwishoni mwa Oktoba 1916 walikuwa wameshika Newala, juu kabisa ya uwanda wa Makonde.

Hapo mtu wa kijiweni angesema kazi imekwisha. Lakini anayeijua Newala anauliza swali moja tu: maji mnachota wapi?

Uwanda wa Makonde ni mrefu na udongo wake unameza mvua. Miaka yote watu wa juu wamekuwa wakishuka bondeni kutafuta maji. Sasa jeshi zima limekaa juu kileleni, na maji yako chini. Wajerumani wakaleta kikosi chini ya Max Looff, yule nahodha wa meli Königsberg iliyozama delta ya Rufiji mwaka 1915. Novemba 1916 Newala ikazingirwa na njia ya maji ikabanwa. Malaria na magonjwa mengine yalikuwa yameshawamaliza wengi. Tarehe 28 Novemba Wareno wakatoka usiku na kukimbilia ng'ambo, wakiacha vifaa kibao.

Yaani walikuwa wamejibu vizuri swali la "tutavukaje?" Swali la "tukishafika tutakunywa nini?" halikupata jibu. Wanadhimu wanasema mpango usiishie pale unapofika. Ufike mpaka pale utakapokaa, na useme nani atakulisha ukiwa hapo.

NOVEMBA 1917: NJIA NNE ZA LETTOW

Mwaka mmoja baadaye upande uliobanwa ulikuwa wa Wajerumani. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amepigana Mahiwa, mkoa wa Lindi, Oktoba 1917. Alishinda siku ile, lakini alipoteza mamia ya watu ambao hakuwa na pa kuwajazia, na risasi nyingi zilikwisha. Akarudi nyuma mpaka uwanda wa Makonde, Waingereza wakimfuata kutoka zaidi ya upande mmoja.

Mweke mezani. Alikuwa na njia kama nne:

A. Kubaki uwandani na kupigana mpaka mwisho.
B. Kujisalimisha.
C. Kupenya kurudi kaskazini.
D. Kuvuka Ruvuma na kuingia Msumbiji kwa Wareno.

Jukumu lake alilielewa hivi: si kuishinda Uingereza, maana hilo haliwezekani, ila kuwafanya Waingereza waendelee kutumia askari na meli Afrika badala ya kuzipeleka Ulaya. Ukiliweka jukumu hivyo, A inakufa kwa sababu chakula na risasi vingekwisha mapema. B inakufa kwa sababu Waingereza wangepumzika. C inampeleka kwenye mikono ya wale wale wanaomfukuza. Inabaki D.

Lakini D nayo ilikuwa na hesabu yake. Risasi, chakula na kwinini havikutosha watu wote. Akapunguza jeshi. Wagonjwa, majeruhi na mamia ya Wazungu na askari waliachwa nyuma wachukuliwe na Waingereza. Akaondoka na Wajerumani wapatao 300, askari Waafrika takriban 1,700 na wapagazi kama 3,000. Tarehe 25 Novemba 1917 akavuka na kuipiga ngome ya Wareno ya Ngomano, pale Lugenda inapoingia Ruvuma. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Wajerumani wakapata bunduki, risasi, chakula na dawa kwa mkupuo mmoja. Vita yake ikaendelea mwaka mzima. Alisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kumaliza.

Vitabu vingi vinamsifu hapo. Nami nakubali alichagua vizuri kwa jukumu alilokuwa nalo. Ila usisahau mwenzake, Kapteni Tafel, aliyekuwa analeta kikosi kingine waungane naye. Hawakukutana. Tafel alikosa chakula akajisalimisha tarehe 28 Novemba 1917. Kwa hiyo mpango mzuri nao unahitaji bahati, na mnadhimu mwenye akili anaandaa njia ya pembeni ikitokea bahati imegoma.

GHARAMA INABEBEKA NA NANI?

Sasa rudi kwenye lile swali la tatu: gharama inabebeka? Mimi hapo ndipo naposimama sana.

Kwenye meza ya Lettow, na ya Waingereza, na ya Wareno, kulikuwa na safu ya risasi, safu ya kwinini, safu ya siku za chakula. Ule mzigo ulibebwa na vichwa vya watu. Upande wa Waingereza peke yake, makisio ya wapagazi waliokufa katika vita hiyo yanakaribia laki 1, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Na jeshi lisilo na ghala linakula mihogo na mtama wa mwanakijiji. Mababu zetu wa pande zote mbili za mto hawakuulizwa kama gharama inabebeka. Kwa wapangaji ilibebeka, kwa sababu mbebaji alikuwa mwingine.

Linganisha na mpango wa kwetu. Aprili 1979 majeshi yetu yalipoikaribia Kampala, njia zilikuwa zaidi ya moja. Jenerali David Musuguri aliamua Entebbe ichukuliwe kwanza, adui asije akawapiga ubavuni wakati wanaelekea mjini. Entebbe ilichukuliwa tarehe 7 Aprili. Halafu mpango ukaacha barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iwe wazi. Mtu wa kijiweni angepiga kelele: "Zibeni kote!" Lakini Mwalimu Nyerere alitaka askari wa Libya waliokuwa wanamsaidia Amin wapate pa kutokea, ili Libya ijitoe vitani bila kuaibishwa zaidi. Na adui mwenye mlango wa kutokea hana sababu ya kupigana nyumba kwa nyumba. Kampala ikaanguka kati ya tarehe 10 na 11 Aprili 1979.

Jukumu lilikuwa kumwondoa Amin, na njia iliyochaguliwa ilitosha kwa hilo.

TUNABAKI NA NINI?

Baada ya Kitaya ikaja Palma, Machi 2021, na wakimbizi wakavuka mto kuja kwetu. Kuanzia 2021 hadi 2024 Tanzania ilikuwa na askari kwenye kikosi cha SADC kule Cabo Delgado. Mto ni ule ule, na swali la "raia wako wapi" ni lile lile. Sisi wa ukingoni ndio raia wa lile swali. Kwa hiyo mtu akisema "wavuke tu", muulize mambo manne: lengo ni nini, adui atajibuje, mkifika mtakula na kunywa nini, na nani atalipa. Akijibu yote manne, mpeni kahawa ya bure.

Maoni yako wazi hapo chini. Swali la leo: ungekuwa mnadhimu wa Wareno Mei 1916, huku ukiujua mto kama unavyoujua, ungempelekea kamanda njia zipi tatu? Wavuvi na wapiga kasia mjitokeze, na msisahau kutaja kama ni bamvua au maji mafu.

Nawasilisha.