Barua ya Kikazi: Tuiandike Vipi Ili Ijibiwe?



Wewe uliyemaliza kisomo unajua kuandika barua. Pengine umekwisha kumwandikia mwanao aliye mjini, ukamsalimu, ukamweleza hali ya mvua na habari za jamaa. Barua hiyo ni ya nyumbani. Ukisahau tarehe hakuna neno. Mwanao ataujua mwandiko wako na atafurahi.

Lakini iko barua ya namna nyingine. Ni ile tunayoipeleka ofisini kuomba huduma, kudai haki au kutoa taarifa. Hii ni barua ya kikazi. Ina taratibu zake, na taratibu hizo si urembo. Kila moja ina kazi yake kule ofisini. Leo tutazieleza moja moja.

KWA NINI TUANDIKE?

Tuchukue mfano wa pampu ya kisima. Pampu imeharibika. Mwenyekiti wa kamati ya maji anapanda basi hadi wilayani. Anaonana na bwana maji, wanazungumza vizuri, anaambiwa, "Tumesikia mzee, nendeni, tutakuja." Mwezi unapita. Mwenyekiti anakwenda tena. Anakuta yule bwana amehamishwa. Aliyekuja hana habari yoyote ya kisima.

Maneno yameondoka na mtu. Nauli imeliwa mara mbili, na kina mama bado wanachota maji bondeni pamoja na ng'ombe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na ombi bila barua ni hivyo hivyo. Mtumishi huhamishwa, lakini jalada hubaki ofisini.

TUMWANDIKIE NANI?

Hili ni jambo la kwanza. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika huzunguka, na wakati mwingine haifiki kabisa.

Kwa mfano, zamani maji ya vijijini yalikuwa chini ya idara ya maji ya halmashauri ya wilaya. Mwaka 2019 Tanzania Bara ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Kwa hiyo siku hizi barua ya pampu ya kijiji huandikwa kwa Meneja wa RUWASA wa Wilaya. Wengine bado wanaipeleka halmashauri kwa mazoea. Uliza kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji.

Andika cheo, usiandike jina la mtu. Ukiandika jina, na mwenye jina akiwa amehama, barua yaweza kumfuata huko aliko. Ukiandika "Meneja", ataifungua yeyote aliye katika kiti hicho.

MFANO WA BARUA

Soma barua hii polepole. Anwani ya mwandishi na tarehe hukaa juu, upande wa kulia wa karatasi. Mengine huanzia kushoto.

Kamati ya Maji,
Kijiji cha (jina la kijiji),
S.L.P. (namba),
(Jina la wilaya).
14 Juni, 2025.

Meneja wa RUWASA wa Wilaya,
S.L.P. (namba),
(Jina la wilaya).

Kupitia: Mtendaji wa Kijiji
Kupitia: Mtendaji wa Kata

Ndugu,

YAH: KUHARIBIKA KWA PAMPU YA KISIMA CHA SHULENI

1. Pampu ya mkono ya kisima kilicho karibu na shule ya msingi iliharibika tarehe 3 Mei, 2025. Mpini unapanda na kushuka lakini maji hayatoki.

2. Kisima hiki hutumiwa na kaya 86. Sasa watu wanachota maji bondeni, mwendo wa saa moja kwenda na saa moja kurudi.

3. Fundi wetu wa kijiji aliifungua pampu tarehe 10 Mei, 2025. Aliona mpira wa ndani umekwisha. Hatuna mpira mwingine. Mfuko wetu wa maji una shilingi 140,000 za kuchangia matengenezo.

4. Tunaomba mtuletee fundi na mpira huo, au mtueleze unauzwa wapi na kwa bei gani. Tunaomba majibu kabla ya tarehe 30 Juni, 2025.

Naomba kuwasilisha.

(Sahihi)
(Jina kamili)
KATIBU WA KAMATI YA MAJI
Simu: (namba)

Nakala: Diwani wa Kata
Jalada

KILA SEHEMU INA KAZI GANI?

Anwani yako. Ofisi ikitaka kujibu itaangalia hapo. Usipoiandika, majibu yatapelekwa wapi?

Tarehe. Hii ni shahidi wako. Mtu akisema, "Mbona hamkutuambia mapema?" tarehe itamjibu. Andika siku, mwezi na mwaka.

Kupitia. Maana yake ni kwamba viongozi wa kijiji na kata wameiona barua na wanaijua habari. Kila mmoja huweka maoni yake, sahihi na mhuri. Usiwaruke. Ukiwaruka, mara nyingi ofisi ya wilaya itakurudisha kwao, na siku zitakuwa zimepotea.

Yah. Ni kifupi cha "yahusu". Ofisini barua hupokelewa masijala, ndiko yanakotunzwa majalada. Mtu wa masijala ana barua nyingi mezani. Husoma kichwa hiki ili ajue barua iingie jalada gani. Kichwa kiwe kifupi na kitaje jambo lenyewe. Ukiandika "YAH: SHIDA ZETU", hatajua ni shida ya maji, ya barabara au ya shule.

Aya zenye namba. Kila aya ina jambo moja. Anayejibu aweza kusema "kuhusu aya ya 3", na nyote mkaelewana.

Sahihi, jina na cheo. Sahihi peke yake haisomeki, kwa hiyo jina liandikwe wazi. Cheo kinaonyesha kwamba hukusema kwa niaba yako tu, umetumwa na kamati.

Nakala. Hapa unataja wengine waliopewa barua hiyo. "Jalada" ni nakala mnayobaki nayo ninyi.

Ofisi ikijibu, juu ya barua yao mtaona maneno "Kumb. Na." na namba. Hiyo ndiyo namba ya jalada. Mkiandika tena, itajeni namba hiyo pamoja na tarehe ya barua yao. Jalada litapatikana upesi.

YA KUANGALIA

Tazama tena barua ya mfano. Haina salamu ndefu, haina kilio, wala haina matusi. Ina tarehe, ina idadi ya kaya, ina fedha zilizopo, na ina ombi. Wengine hujaza ukurasa mzima kwa malalamiko, kisha husahau kusema wanataka nini. Msomaji anamaliza barua na kujiuliza, "Sasa nifanye nini?" Ombi lisikose.

Barua moja iwe na jambo moja. Kama mna shida ya pampu na shida ya mbolea, andikeni barua mbili. Mkizichanganya, barua itaingia jalada moja, na shida ya pili itasahauliwa humo.

Msiandike msiyoyajua. Kama kaya hazijahesabiwa, hesabuni kwanza. Ofisi ikigundua namba moja ni ya uongo, hata zile za kweli hazitaaminiwa.

Tena msiogope kuandika Kiswahili. Hiyo ndiyo lugha ya kazi za Serikali, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe pia lugha ya sheria na ya mahakama.

KUPELEKA NA KUTUNZA

Kabla ya kupeleka, barua isomwe mbele ya kamati. Wenzako watasikia palipokosewa.

Ukiipeleka kwa mkono, chukua nakala mbili. Moja waachie. Ya pili waigonge mhuri wa kupokea wenye tarehe, kisha urudi nayo. Kama una simu ya kupiga picha, ipige picha pia. Ukituma kwa posta, tuma kwa rejista na utunze stakabadhi.

Siku mliyoitaja ikipita bila majibu, msikae kimya. Andikeni barua ya kukumbusha. Anzeni hivi: "Rejea barua yetu ya tarehe 14 Juni, 2025." Ambatisheni kivuli cha nakala yenye mhuri.

Jueni na hili. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa iliyo katika ofisi ya umma, kwa mfano fedha zilizotengwa kwa mradi wa maji wa kijiji. Ombi liwe la maandishi. Ofisi inapaswa kutoa jibu ndani ya siku 30. Basi siku hizo utazihesabu kuanzia wapi kama nakala yako haina mhuri wenye tarehe?

Hatusemi kwamba kila barua nzuri italeta fundi kesho yake. Vipuri huenda havipo, au fedha hazijafika. Lakini kijiji chenye jalada la barua zake kinaweza kusimama kwenye mkutano na kusema: tuliandika siku fulani, mlipokea siku fulani, na majibu yenu ni haya. Hapo hakuna wa kusema hakuambiwa.

ZOEZI

1. Kwa nini tunaandika cheo badala ya jina la mtu?
2. Kichwa "YAH: MATATIZO YA KIJIJI" kina kasoro gani? Andika kilicho bora.
3. Chagueni jambo moja la kweli linalosumbua kijiji chenu. Katika kikundi, andikeni barua ya kikazi isiyozidi ukurasa mmoja. Isomeni kwa sauti, isahihisheni, kisha muipeleke.